Nani Ashike Ufunguo wa Kompyuta

Katika kurasa zilizotangulia wenzetu wamekwisha kueleza jinsi Chama Kikuu hiki kilivyoandikishwa, jinsi maghala yalivyojengwa, na jinsi wanachama walivyojinyima msimu hata msimu mpaka deni la mizani likalipwa. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeombwa kuandika habari za kompyuta, kwa kuwa katika miaka hii 10 hapana chombo kilichogeuza kazi ya makarani wetu kuliko hicho. Habari ya kuzinunua ni fupi, nayo imo katika taarifa za kila mwaka kwa apendaye kuisoma. Tumeona afadhali tuandike historia ya jambo moja ambalo linabishaniwa sasa katika kila chama cha msingi, na ambalo limekwisha kutiwa katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao: kama yafaa karani wa kawaida apewe mamlaka ya msimamizi katika kompyuta anayofanyia kazi.

Kwa wanachama wasiopata kuzishika mashine hizi, hapana budi tueleze kwanza maana ya maneno hayo. Kompyuta za ofisi zetu hazimtambui mtu kwa uso wala kwa ukoo wake. Humtambua kwa akaunti, yaani jina aliloandikishiwa, pamoja na neno lake la siri. Akaunti hizo ni za namna mbili. Mwenye akaunti ya kawaida aweza kufungua daftari la mapokezi, kuandika kilo za korosho zilizopimwa, na kuchapa stakabadhi ya mkulima; hawezi kuingiza programu mpya, wala kurudisha nyuma saa ya mashine, wala kufungua mafaili ya mwenziwe, wala kufuta kumbukumbu ya yaliyotendwa. Mwenye akaunti ya msimamizi aweza hayo yote. Tukitaka mfano wa mambo yetu wenyewe, wa kwanza ni karani mwenye ufunguo wa meza yake, na wa pili ni mtu mwenye funguo zote za ofisi, za kasha la chuma, na za kabati ziwekwamo daftari za ukaguzi.

Sasa wenzetu wa vyama vya mbali wanalalamika, na malalamiko yao yana haki. Siku ya kupima korosho, printa hukataa kufanya kazi. Dawa yake ni kuingiza programu ndogo ya dakika 5, lakini mashine yadai idhini ya msimamizi, na msimamizi yuko makao makuu. Simu haishiki. Wakulima waliofika na magunia alfajiri hukaa mpaka jua likatua, na lawama zote humwangukia karani asiye na kosa. Mmoja wao alituandikia kwamba wanachama wamemwamini kwa mazao yao ya mwaka mzima, na ofisi haimwamini kwa dakika 5. Maneno hayo yalitugusa, nasi hatukutaka kuyajibu kwa haraka. Tulitafuta kwanza habari za watu waliokwisha kuuliza swali hilo kabla yetu, na yale yaliyowapata.

Hapo mwanzo swali lenyewe halikuwapo. Mashine za kwanza zilimtumikia mtu mmoja kwa wakati mmoja, na aliyeshika zamu ndiye aliyekuwa bwana wa mashine nzima mpaka zamu yake iishe. Mambo yalibadilika mwezi wa Novemba 1961, katika chuo cha Marekani kijulikanacho kwa jina la MIT, pale Fernando Corbató na wenziwe walipoonyesha mfumo ulioitwa CTSS. Mfumo huo uliwawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa pamoja, kila mtu akiwa kwenye kiti chake. Maadamu watu ni wengi na mashine ni moja, ilibidi kila mmoja apewe sehemu yake, neno lake la siri, na kipimo cha saa alizogawiwa. Na ilibidi wawepo watu wa kugawa. Ndipo ulipowekwa mpaka kati ya mtumiaji na msimamizi.

Mpaka huo haukutimiza mwaka kabla ya kurukwa. Alikuwapo mwanafunzi wa shahada ya udaktari, Allan Scherr, aliyegawiwa saa 4 kwa juma, nazo hazikumtosha. Mwaka 1962 alipeleka ombi kwa kadi iliyotobolewa, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, kwamba faili la maneno ya siri ya watu wote lichapwe. Mashine ikalichapa, naye akaenda kuichukua karatasi yake kama mtu achukuaye stakabadhi dirishani. Hakuvunja mlango wowote. Aliomba tu kwa njia ambayo hapana aliyekumbuka kuifunga. Ilipita miaka mingi kabla hajasema hadharani.

Kisa cha pili cha mfumo ule ule chatufaa zaidi, nasi twakieleza kwa urefu kwa sababu ndani yake hamna mtu hata mmoja mwenye nia mbaya. CTSS ilikuwa na programu ya kuandikia, ambayo kila ilipotumiwa ilifungua faili la muda lenye jina moja lile lile. Waliotunga programu hiyo hawakuona hatari, kwa kuwa kila mtumiaji alikuwa katika sehemu yake, na wawili hawangeweza kukutana. Baadaye kazi ya usimamizi ikawa nyingi, wasimamizi wakaruhusiwa kuingia zaidi ya mmoja katika sehemu ile ya usimamizi. Lile faili la muda hapana aliyelikumbuka. Basi Ijumaa moja jioni, katikati ya miaka ya 1960, msimamizi mmoja alikuwa akiandika tangazo la siku, lile limkabilio kila aingiaye, na mwenziwe wakati huo huo akirekebisha faili la maneno ya siri. Mafaili mawili yakabadilishana mahali. Tangu dakika hiyo, kila aliyeingia alipokewa na orodha nzima ya maneno ya siri ya watu wote badala ya tangazo.

Corbató mwenyewe alikisimulia kisa hiki katika hotuba ya Tuzo ya Turing aliyopewa mwaka 1990. Kila mmoja wa wale wasimamizi wawili alikuwa na haki kamili ya kufanya alichokifanya. Mfumo ndio uliokuwa umejengwa kwa msimamizi mmoja, ukaongezewa wa pili pasipo kufikiriwa upya. Twaomba wajumbe wakikumbuke kisa hiki siku ya kupiga kura, kwa sababu hoja iliyo mbele yetu haisemi habari ya wasimamizi wawili, bali ya makarani wa vyama vyote.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba wataalamu wote waliukubali mpaka ule. Katika MIT hiyo hiyo, Maabara ya Akili Bandia ilikuwa na mfumo wake ulioitwa ITS, ambao kwa makusudi ulijengwa bila kufuli za mafaili. Yeyote aliweza kusoma kazi ya mwenziwe na hata kuirekebisha. Aliyetaka kuiangusha mashine nzima hakuhitaji werevu, maana lilikuwapo agizo la kufanya hivyo, wazi kwa wote. Na kwa kuwa lilikuwa jepesi, vijana hawakuona sifa katika kulitumia. Jambo hilo lilituchekesha tulipolisoma mara ya kwanza, lakini lina busara yake, kwani wako watu ambao kufuli ndiyo iwaitayo.

Richard Stallman alikuwa mmoja wa watu wa maabara hiyo. Mashine nyingine ya chuo ilipowekewa maneno ya siri katika miaka ya 1970, yeye aliyafumbua, akawaandikia wenyewe akiwashauri watumie neno tupu, yaani wabonyeze kitufe tu bila kuandika kitu. Baadhi yao walimfuata. Baadaye, ilipotungwa programu iitwayo su katika mradi wake wa GNU, ambayo kazi yake ni kumgeuza mtumiaji awe msimamizi akijua neno la siri, liliachwa kwa makusudi sharti lililokuwapo katika mifumo mingine, kwamba wajumbe wa kundi dogo tu ndio waweze kuitumia. Stallman alieleza sababu katika kitabu cha maelezo cha programu hiyo: kuna nyakati wachache hujitwalia mamlaka yote juu ya watumiaji wenzao, na ikiwa msimamizi mwenye huruma amewapa watu wa kawaida neno la siri, programu isiwe upande wa wale wachache.

Hoja hiyo ndiyo ya makarani wetu, tena imesemwa vizuri kuliko walivyoisema wao. Sisi wana ushirika hatuwezi kuidharau, kwa kuwa vyama vyetu vilianzishwa kwa sababu ya wachache kujitwalia mizani na bei. Lakini hapana budi tuangalie pia tofauti iliyopo. Watu wa maabara ile walikuwa wachache, wakijuana kwa sura, na mashine yao ilikuwa na programu walizozitunga wenyewe. Hapakuwa na kilo ya mkulima ndani yake, wala namba ya akaunti ya benki ambayo malipo ya mjane fulani yatapelekwa.

Njia ya katikati ilianza kuonekana katika mfumo wa Unix, ulioanzwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko New Jersey. Katika Unix msimamizi ni mmoja, na jina la akaunti yake ni root, maana yake mzizi. Mbele ya root hapana kufuli. Watumiaji wengine wote ni wa kawaida. Mpango huu ni mwepesi kuuelewa, lakini ulileta taabu moja mara moja. Mtumiaji ataka kubadili neno lake mwenyewe la siri, na neno hilo limo katika faili ambalo root peke yake ndiye aruhusiwaye kuliandika. Akipewa uwezo wa root ili abadili neno lake, ataweza kubadili na ya wenziwe; asipopewa, kila siku atakuwa mlangoni pa msimamizi akibembeleza.

Ritchie alilipatia jawabu ambalo latushangaza kwa wepesi wake. Mamlaka asipewe mtu, ipewe programu. Iwepo programu moja ndogo ya kubadili maneno ya siri, yenye alama ya kuonyesha kwamba kila inapotumiwa itende kwa mamlaka ya mwenyewe, yaani root, na wala si kwa mamlaka ya aliyeiita. Programu hiyo humwuliza mtu neno lake la zamani, humwandikia jipya, kisha huisha, na mamlaka huisha nayo. Maabara za Bell ziliomba hataza ya ubunifu huo mwaka 1973, ikatolewa mwaka 1979. Kwa mfano wa mambo yetu, mwanachama haingii chumba cha hazina. Huja dirishani, na karani wa dirishani huingia kwa niaba yake kwa shauri moja tu, akatoka.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa MIT, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika makala ambayo mpaka leo wanafunzi wa fani hii husomeshwa. Walitaja kanuni kadhaa, nasi tutazitaja mbili. Ya kwanza, kila mtu na kila programu afanye kazi kwa mamlaka haba kuliko yote yatoshayo kuimaliza kazi hiyo. Ya pili, penye jambo kubwa pawe na funguo mbili mikononi mwa watu wawili, kama masanduku ya amana yalivyo katika benki. Mwanachama yeyote aliyewahi kuliona kasha letu likifunguliwa, Mwenyekiti kwa ufunguo wake na Mhazini kwa wake, ameiona kanuni hiyo kwa macho.

Lakini karani wa dirishani aweza naye kudanganywa, na kisa cha kudanganywa kwake ndicho kilichotufanya tuiandike historia hii. Mwezi wa Agosti 1986, katika maabara ya Lawrence huko Berkeley, California, mtaalamu wa nyota aitwaye Clifford Stoll alihamishiwa kwenye kazi za kompyuta, akapewa shauri ambalo kila mtunza hesabu atalitambua. Hesabu mbili za matumizi ya mashine hazikulingana. Tofauti ilikuwa senti 75 za dola. Wengine wangaliiandika kuwa ni kosa la kujumlisha, wakafunga daftari. Stoll akaifuata, akakuta kwamba kuna mtumiaji aliyetumia sekunde 9 bila kulipiwa na idara yoyote, na nyuma ya sekunde hizo akakuta mgeni asiyejulikana.

Mgeni huyo aliingia akiwa mtumiaji wa kawaida. Katika mashine za maabara ilikuwapo programu iliyoitwa movemail, ya kuhamisha barua za watu kutoka mahali hadi mahali, na pale Berkeley ilikuwa imepewa mamlaka ya root ili kazi iende vizuri. Haikuangalia ni faili gani inahamisha wala inalipeleka wapi. Mgeni akaitumia kuweka programu yake mwenyewe mahali pa programu nyingine, ile ambayo mfumo huiendesha kila dakika 5 kwa mamlaka ya root. Akangoja dakika 5, akawa bwana wa mashine. Stoll alimfananisha na ndege atagaye yai lake katika kiota cha ndege mwingine, akaacha mwenye kiota aliatamie.

Msomaji ataona kwamba hapo ndipo pagumu. Mwizi akiwa root, kumbukumbu zote za mashine zimo mikononi mwake, aweza kuzifuta na kuziandika upya. Utamfuataje mtu ambaye ndiye mwenye kuandika daftari la nyayo zake? Stoll aliazima printa na mashine nyingine za kuchapia kwa makumi, akaziunganisha kwenye nyaya za simu zilizoingia katika maabara, akalala hapo sakafuni. Kila herufi aliyoiandika mgeni ilichapwa katika karatasi, nje ya kompyuta, mahali ambapo root hana mkono. Kwa karatasi hizo, na kwa subira ya karibu mwaka mzima, nyayo zilifuatwa kutoka Marekani mpaka mji wa Hannover, Ujerumani Magharibi, kwa kijana Markus Hess, ambaye pamoja na wenziwe alikuwa akiwauzia Warusi habari alizoziiba katika mashine za kijeshi. Alihukumiwa mwaka 1990 kwa kosa la ujasusi.

Senti 75! Twaomba wakaguzi wetu wa hesabu wasome sehemu hii mara mbili.

Wakati Stoll akilala sakafuni, chombo kingine kilikuwa kimekwisha kutungwa. Karibu na mwaka 1980, katika chuo kikuu cha serikali ya New York kilichoko Buffalo, Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliandika programu iitwayo sudo. Kabla yake, aliyehitaji kufanya kazi moja ya root ilibidi apewe neno la siri la root, na mwenye neno hilo ana kila kitu, milele, mpaka libadilishwe. Tena likiwa mikononi mwa watu 5, haijulikani ni yupi aliyefanya lipi, kwa kuwa wote huonekana kwa jina moja la root. Sudo iliyatenganisha hayo. Mtu hubaki na jina lake na neno lake mwenyewe. Katika faili moja huandikwa kwamba fulani aruhusiwa kufanya kazi hii na hii kwa mamlaka ya root, na nyingine haruhusiwi. Anapoifanya, jina lake, saa, na agizo alilolitoa huandikwa. Programu hii, ikiwa imetunzwa kwa miaka mingi na Todd Miller, hutumika mpaka leo katika mashine zisizo na hesabu. Mara ya kwanza mtu anapoitumia huonywa mambo matatu: aheshimu siri za wenzake, afikiri kabla ya kuandika, na ajue kuwa uwezo mkubwa una wajibu mkubwa. Halafu humwacha afanye kazi.

Huku katika ofisi ndogo na majumbani, mambo yalikwenda kinyume. Kompyuta binafsi ya IBM, iliyotoka mwaka 1981, haikuwa na akaunti kabisa. Aliyeiwasha ndiye mwenyewe. Microsoft ilitoa mwaka 1993 mfumo wa Windows NT uliokuwa na wasimamizi na watumiaji mbalimbali, lakini watunga programu walikuwa wamekwisha kuzoea kuandika kana kwamba kila mtu ni bwana, na programu zao hazikukubali kufanya kazi vinginevyo. Hata Windows XP ya mwaka 2001, akaunti zilizofunguliwa wakati wa kuiweka zilikuwa za wasimamizi wote. Kila programu chafu aliyoifungua mtu pasipo kujua ilipata mamlaka yake yote.

Windows Vista, iliyouzwa kwa watu wote tangu Januari 2007, ilijaribu kurekebisha. Hata msimamizi hufanya kazi zake kwa mamlaka ya kawaida, na linapofika jambo kubwa mashine humwuliza kwanza kama akubali. Nia ilikuwa njema. Lakini mashine iliuliza mno, watu wakachoka, wakawa wanabonyeza kukubali bila kusoma. Mwaka 2008 David Cross wa Microsoft alisema hadharani kwamba kuwaudhi watumiaji lilikuwa jambo la makusudi, ili watunga programu washurutike kubadilika. Windows 7 ya mwaka 2009 ilipunguza maswali hayo. Sisi tumeona jambo la namna hiyo katika hati za malipo: mjumbe aletewaye hati 60 kwa mkupuo mmoja hutia sahihi 60, na hasomi hata moja.

Wala akaunti ya kawaida si kinga ya kila kitu. Kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000 hakikuhitaji mamlaka kubwa ili kuharibu mafaili ya aliyefungua barua na kujituma kwa marafiki zake. Mamlaka yake ya kawaida juu ya vitu vyake yalitosha. Katika simu za mkononi nako swali limegeuka kabisa, kwa kuwa aliyenunua simu kwa fedha zake hapewi mamlaka ya root na aliyeiunda. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani iliamua kwamba mtu kuifungua simu yake ili aingize programu nyingine si kuvunja sheria ya hakimiliki. Hilo ni shauri la nani mwenye mali, nalo kwetu lina jawabu: mali ni ya wanachama, si ya karani, wala si ya msimamizi, wala si ya Katibu.

Turudi kwenye printa, maana ndiyo iliyozua hoja, nayo ina historia yake ambayo wengi hawaijui. Katika Windows, huduma ya kuchapa hufanya kazi kwa mamlaka ya juu kuliko yote. Ni karani wa dirishani, kama movemail. Katikati ya mwaka 2021 iligunduliwa kwamba mtumiaji wa kawaida aliweza kuidanganya huduma hiyo ikaingiza programu yoyote na kuiendesha kwa mamlaka hiyo ya juu. Microsoft ilitoa marekebisho mwezi wa Julai, na tarehe 10 Agosti 2021 ikabadili kanuni, kwamba kuanzia hapo kuingiza programu za printa za mtandao wa ofisi kutahitaji mamlaka ya msimamizi. Kwa hiyo karani akiona mashine yamdai idhini kwa jambo ambalo hapo zamani lilipita bila kuulizwa, asidhani kwamba ni amri ya makao makuu. Mwaka ule ule, mwezi wa Januari, lilitangazwa kosa katika sudo yenyewe, lililokuwamo tangu Julai 2011, ambalo lilimwezesha mtumiaji yeyote wa mashine kuwa root bila kuulizwa neno la siri. Karibu miaka 10 lilikaa ndani ya chombo kilekile cha kutulinda.

Baada ya kuyasoma hayo, ofisi imeandika pendekezo lake, tofauti na hoja ya makarani lakini si la kuipinga. Karani asipewe akaunti ya msimamizi. Apewe orodha ya kazi anazoruhusiwa kufanya kwa mamlaka hiyo, yaani kuingiza programu za printa zilizokwisha kukubaliwa, kuunganisha mtandao, na kuwasha upya daftari la mapokezi likikwama. Kurudisha saa nyuma, kubadili namba za benki za wakulima, na kugusa kumbukumbu visiwemo. Kila atumiapo ruhusa hiyo, jina lake na saa viandikwe, na nakala iende papo hapo katika mashine ya Kamati ya Usimamizi, ambayo msimamizi wetu wa kompyuta hana mamlaka juu yake, na Katibu hana. Msimamizi mwenyewe naye atumie akaunti ya kawaida kwa kazi zake za kila siku. Yeye alikubali hilo kabla hatujamaliza kumwomba.

Pendekezo letu lina tundu moja, nalo lilionyeshwa na yule yule karani aliyetuandikia. Mtandao ukikatika, nakala haiendi, na likitokea jambo lisilokuwamo katika orodha, hapana wa kumpigia simu. Chama chake kimependekeza kwamba neno la siri la akiba litiwe katika bahasha yenye lakiri na kuwekwa katika kasha la funguo mbili la chama cha msingi. Siku ya shida ifunguliwe mbele ya Mwenyekiti na mjumbe mmoja wa Bodi, sababu iandikwe katika daftari la karatasi kwa sahihi zao watatu, na neno lenyewe libadilishwe mtandao ukirudi. Sisi twaona ni pendekezo jema kuliko la ofisi kwa vyama vilivyo mbali, ingawa Mhazini ana shaka kama wajumbe watapatikana siku ya kupima. Mapendekezo yote mawili, pamoja na hoja ya makarani kama ilivyoandikwa, yamepelekwa kwa makatibu wa vyama vyote. Chama kitakacho kurekebisha lolote katika hayo na kilete maandishi yake ofisini siku 14 kabla ya Mkutano.